Umri wa Mvulana wa Nariokotome

Siku tulipofika Kakuma, mwaka 2017, bwana aliyekuwa anaandika majina alimwangalia mdogo wangu kuanzia viatu mpaka nywele, halafu akauliza: "Huyu ana miaka mingapi?" Mama mkubwa akajibu, "Huyu alizaliwa ile wiki ya volkano." Bwana akasema volkano si tarehe. Akamtazama tena. Mdogo wangu ni mrefu, ukoo wa baba yake wote ni warefu, na safari ilikuwa imemkausha uso. Basi ikaandikwa 01/01/1999, mwanamume, mtu mzima.

Nyinyi mliotoka Goma mnajua kwamba hesabu ya mama mkubwa haikuwa ya kubahatisha. Nyiragongo ilipasuka tarehe 17 Januari 2002. Moto ulishuka hadi katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi wakiwa wamebeba magodoro kichwani. Mama aliyezaa wiki ile hawezi kusahau alizaa lini. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na miaka 15. Karatasi ikampa 18. Na kwa sababu karatasi ilisema ni mtu mzima, aliwekewa faili lake peke yake. Mwaka 2019 faili la mama yake lilipoitwa, akaondoka na wale wadogo wawili kwenda Kanada, yeye akabaki na mimi hapa.

Hii tarehe ya 1 Januari si yake peke yake. Kama tungekuwa tunasherehekea siku za kuzaliwa zilizo kwenye kadi, mwaka mpya nusu ya block yetu ingekata keki.

Ninaandika haya kwa sababu kuna mtoto mwingine wa Turkana hii hii ambaye naye waliomtazama walishindwa kukubaliana ana miaka mingapi. Wake umegombaniwa na maprofesa, kwa robo karne na zaidi, wakiwa na vipimo vyote mkononi. Nilipoanza kusoma habari zake nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa (nilikuwa nataka kujua kwa nini ardhi hii ina mawe mengi hivi), lakini nilipofika kwenye suala la umri nikashindwa kuacha.

Kwanza, mahali. Kuna magazeti ya nje yanayopenda kuandika kwamba "Kakuma" kwa Kiswahili maana yake ni "mahali pasipo kitu". Sisi tunaosema Kiswahili tangu tumboni hatulijui neno hilo. Tena hata kama lingekuwepo, lingekuwa uongo. Upande wa ziwa kutoka hapa, ndani ya kaunti hii hii, kuna mabonde ambayo yametoa mifupa ya watu wa kale kuliko karibu sehemu yoyote ya dunia. Kanapoi, kusini mwa ziwa, kumetoka mifupa ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita. Mwaka 1995 Meave Leakey na wenzake waliwapa jina la Australopithecus anamensis, na hilo "anam" ni neno la Kiturkana, maana yake ziwa. Lomekwi kumetoka vifaa vya mawe vya miaka milioni 3.3, vya zamani kuliko vyote vinavyojulikana. Ukienda kuokota kuni kwenye laga na mguu wako ukapiga jiwe, hujui umepiga nini.

Nariokotome ni laga kama hizi zetu, mto wa mchanga unaojaa maji siku mbili tatu kwa mwaka. Agosti 1984 watafutaji wa mifupa kutoka Nairobi walikuwa wamepiga hema kwenye ukingo wake. Kiongozi wao alikuwa Kamoya Kimeu, Mkamba kutoka Makueni, ambaye shule aliisoma miaka michache tu, akachunga mifugo, na mwaka 1960 akaajiriwa na akina Leakey kule Olduvai, Tanganyika, kama kibarua wa kuchimba. Huyu ndiye aliyekuja kuwa na macho makali kuliko wasomi wote aliofanya nao kazi. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Wengine wanafua nguo, wengine wamelala. Kamoya akasema anatembea kidogo ng'ambo ya laga. Kwenye mteremko uliojaa changarawe nyeusi akaona kipande kidogo cha mfupa, hakizidi kiberiti, rangi yake sawasawa na mawe yaliyokizunguka. Kilikuwa kipande cha paji la uso.

Hebu jaribu hiyo. Nenda nje sasa hivi, simama kwenye changarawe, tafuta kipande kimoja cha mfupa chenye rangi ya changarawe, halafu jua kwamba ni cha mtu na si cha swala. Mimi nilijaribu kwa saa nzima huko nyuma ya Kakuma 3 na nilichopata ni jua la kichwa.

Wachimbaji hawakutegemea mengi. Eneo lilionekana baya, limekanyagwa na mbuzi, na katikati yake umeota mti wa miiba. Wakachekecha udongo. Vikatoka vipande vingine vya fuvu, halafu mbavu, halafu uti wa mgongo. Mti ule wa miiba ulikuwa umeotea mahali pabaya au pazuri, sijui niseme vipi, kwa sababu sehemu ya fuvu ilikutwa imeshikwa na mizizi yake. Walichimba mwaka huo na miaka iliyofuata, wakaondoa upande mzima wa kilima, na mwisho wakawa na zaidi ya mifupa 100 ya mtu mmoja. Viganja na nyayo tu ndivyo vilivyokosekana karibu vyote. Kabla ya hapo, kwa watu wa zama zile, mtu mmoja mzima hivi hakuwa amepatikana. Ulikuwa unapata jino hapa, taya kule, kipande cha paja mwaka mwingine, basi maprofesa wanaunganisha kwa mawazo.

Akapewa namba: KNM-WT 15000. Herufi tatu za kwanza ni makumbusho ya taifa ya Kenya, mbili zinazofuata ni Turkana Magharibi. Sisi wa kambini tukiona namba hiyo tunacheka kidogo, maana na sisi namba zetu zina herufi za mahali tulipookotwa. Tofauti ni kwamba yeye alisafirishwa hadi Nairobi bila kuomba kibali cha kutoka kambini.

Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1985 katika jarida la Nature. Waandishi ni wanne: Brown, Harris, Leakey, Walker. Jina la Kamoya halimo kati ya waandishi. Nimelitaja kwa kuwa ni sehemu ya historia, na pia kwa haki yake niseme kwamba mwaka huo huo alialikwa Washington, Rais Reagan akamkabidhi medali ya National Geographic. Alifariki Julai 2022.

Sasa tuje kwenye umri. Hapa kuna umri wa aina mbili, na watu wengi wanauchanganya. Kuna umri wa mfupa, yaani amekufa tangu lini, na kuna umri wa mtoto, yaani alikuwa na miaka mingapi siku alipokufa.

Ule wa kwanza unajibiwa na volkano. Ndiyo, volkano ni tarehe! Ningetamani yule bwana wa majina awe karibu nimwambie. Zamani milima ya upande wa Ethiopia ilikuwa inatapika, na majivu yanaletwa na mto hadi bonde la Turkana, yanatulia, yanafunikwa na matope, yanakuwa tabaka kama krimu ndani ya biskuti. Ndani ya majivu hayo kuna chembe zenye potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hubadilika polepole sana kuwa gesi inayoitwa agoni. Mlima unapotapika, kwa sababu ya ule moto, agoni ya zamani yote inatoroka, kwa hiyo saa inaanza kwenye sifuri. Baada ya hapo agoni inayozaliwa inanaswa ndani ya chembe. Ukipima imefika ngapi, unajua mlima ulipasuka lini. Mfupa wenyewe haupimwi. Yanapimwa majivu yaliyo chini yake na yaliyo juu yake, na mfupa uko katikati. Frank Brown, mwanajiolojia wa chuo kikuu cha Utah, alitumia maisha yake kutambua tabaka moja moja la majivu haya kwa kemia yake, kama mtu anayejua wanakijiji wote kwa majina. Kwa njia hiyo mvulana wa Nariokotome akapata miaka kama milioni 1.5.

Lakini msidhani volkano haikosewi. Ng'ambo ya ziwa, Koobi Fora, mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo lilikuja kuwa maarufu kwa namba yake, 1470. Lilikuwa chini ya tabaka la majivu ambalo wataalamu wawili wa Uingereza walikuwa wamelipima wakapata miaka milioni 2.6. Hivyo fuvu likawa na karibu milioni 2.9, na Richard Leakey akalitangaza dunia nzima kama mtu wa kale kupita wote wa ukoo wetu. Waliokataa walikuwa nguruwe. Nguruwe wa kale walibadilika meno haraka, kwa hiyo ukiona gego la nguruwe unajua uko zama gani, na nguruwe waliokuwa chini ya majivu ya Koobi Fora walikuwa sawa na nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, wenye miaka kama milioni 2 tu. Maneno yakawa makali. Upande mmoja unasema mashine haiwezi kudanganya, upande mwingine unasema nguruwe hana sababu ya kudanganya. Miaka ikapita, maabara nyingine zikapima upya, na majivu yakaonekana yana miaka milioni 1.9 hivi. Chembe za kale kutoka mawe mengine zilikuwa zimechanganyika na zile za mlipuko. Nguruwe wakashinda.

Mimi hapo nilifurahi kupita kiasi. Kwamba namba iliyoandikwa na mtu mwenye mashine, ikachapishwa, ikanukuliwa kila mahali, inaweza kurudishwa nyuma miaka laki saba kwa sababu ya meno ya nguruwe.

Sasa umri wa pili. Alan Walker na wenzake walikuwa na mvulana (walisema ni wa kiume kwa kuangalia nyonga na uso) na walitaka kujua alikufa akiwa na miaka mingapi. Mwili unatoa njia tatu.

Ya kwanza ni urefu. Alikuwa na kama sentimita 160. Kijana wa leo mwenye urefu huo ungempa miaka 15.

Ya pili ni mifupa yenyewe. Mfupa wa mtoto, tuseme wa paja, haukui kama mti kwa kunenepa pande zote. Unarefuka karibu na ncha zake, kwenye utepe wa gegedu ulio kati ya mwili wa mfupa na ncha. Siku ya mwisho ya kukua, utepe unageuka mfupa, ncha inaungana, basi, hutarefuka tena hata ukining'inia kwenye goli. Ncha haziungani siku moja. Kiwiko kinatangulia, nyonga na goti vinafuata, kifundo cha mkono na bega vinachelewa. Kwa hiyo ukiona zipi zimeungana na zipi bado, unakadiria. Mvulana wa Nariokotome kwenye kiwiko alikuwa ameanza kuungana, kwingine bado wazi. Kwa mtoto wa leo hiyo ni miaka 13.

Ya tatu ni meno. Gego la pili limetoka, la mwisho bado, na kwenye taya la juu chonge za utoto zilikuwa bado hazijang'oka. Kwa mtoto wa leo, miaka 11.

Umeona? Mtoto mmoja ana miaka 15, 13 na 11 kwa wakati mmoja. Holly Smith, wa chuo kikuu cha Michigan, alipoyaweka haya pamoja mwaka 1993 aliuliza swali ambalo wengine walilipita: je, kama tatizo si mvulana, ni rula? Tulikuwa tunampima kwa rula ya watoto wetu. Yeye si mtoto wetu. Ukimpima kwa rula ya sokwe, meno yake yanasema miaka 7 hivi, na vipimo vingine havipingani sana na hilo.

Ili kuelewa, lazima ujue kwamba sokwe na sisi tuna meno yale yale, idadi ile ile, 32 kwa mtu mzima, yanatoka karibu kwa mpangilio ule ule, lakini saa yao inakimbia. Sokwe anatoa gego la kwanza la kudumu akiwa na miaka 3 au 4. Mtoto wetu anangoja hadi 6. Sokwe anamaliza meno yote akiwa na 11 au 12. Sisi gego la mwisho linakuja baada ya 17, 18, wengine baadaye zaidi, na maumivu juu. Kila kitu kwetu kimecheleweshwa. Mtoto wa binadamu anazaliwa na ubongo ambao bado una kazi kubwa ya kukua, hawezi hata kushika nywele za mama yake kama mtoto wa sokwe anavyoshika manyoya, na kwa miaka mingi analishwa na watu ambao wengine si wazazi wake. Utoto mrefu ni kitu chetu. Hakuna nyani wala sokwe mwenye utoto wa hivi.

Swali likawa: utoto huu mrefu ulianza lini? Kwa muda mrefu wengi walidhani ulianza zamani sana. Mtoto wa Taung, fuvu lililotoka kwenye machimbo ya chokaa Afrika Kusini mwaka 1924 na kuelezwa na Raymond Dart mwaka uliofuata, alikuwa ndiyo kwanza anatoa gego la kwanza, basi wakasema ana miaka 6, kama mtoto wetu. Mwaka 1985 Timothy Bromage na Christopher Dean, wakiwa London, wakaacha kulinganisha na mtu yeyote. Wakahesabu.

Hapa ndipo pananishangaza mpaka leo. Enameli, ule ugamba mgumu mweupe wa jino, hujengwa kidogo kila siku, na kila siku inaacha mstari mwembamba unaoonekana kwa darubini. Baada ya siku kadhaa, kwetu nyingi ni 8 au 9, unakuja mstari mnene zaidi, na mistari hiyo minene huonekana hata juu ya jino la mbele kama mawimbi madogo. Yaani jino ni daftari la mahudhurio. Halafu kuna mstari mmoja ambao si kama mingine. Siku mtoto anapozaliwa, mwili unapata mshtuko, na mshtuko huo unaacha alama kwenye meno ya utoto na kwenye gego la kwanza la kudumu ambalo tayari limeanza kujengwa ndani ya ufizi. Siku ya kuzaliwa iko ndani ya jino. Unaanzia hapo, unahesabu mpaka mstari wa mwisho.

Kwa hesabu hiyo, watoto wa jamii ya Taung wakashuka kutoka miaka 6 hadi kati ya 3 na 4. Walikuwa wanakua kama sokwe, ingawa walitembea kama sisi. Na Dean alipokuja kwa mvulana wetu wa Nariokotome, yeye na Smith walitoa jibu lao mwaka 2009: kama miaka 8. Nane! Sentimita 160 akiwa na miaka 8. Nimejaribu kumwona katika akili yangu na nimeshindwa, mtoto wa darasa la pili mwenye mwili wa kijana. Ubongo wake ulikuwa kama sentimita za ujazo 880, zaidi ya mara mbili ya sokwe, lakini theluthi mbili tu ya wetu. Mguu mrefu, mkono mfupi kama wetu, mwili wa kutembea mbali kwenye jua. Kuanzia shingoni kwenda chini ungemwona kwa mbali ukadhani ni mtu wa hapa anafuata mbuzi. Lakini alikuwa anakimbilia utu uzima kwa mwendo ambao watoto wetu hawana. Ule utoto mrefu ulikuwa bado haujafika, au ulikuwa ndio unaanza kufika.

Si wote waliokubali. Wapo wanaosema watoto wa leo wenyewe hutofautiana sana, meno yanasema hili na mifupa lile, kwa hiyo mvulana mmoja hatoshi kujenga hadithi nzima. Urefu ambao angefikia pia umeshushwa: mwanzo walisema angekuwa na sentimita 185, wengine baadaye wakakata sana. Hayo bado yanajadiliwa na sioni aibu yoyote ndani yake.

Nitaje haraka mtoto wa tatu, kwa kuwa naye ni wa huku. Mwaka 2014, Napudet, magharibi mwa ziwa, John Ekusi aliona kitu cha mviringo ardhini kama goti la tembo. Lilikuwa fuvu la mtoto wa sokwe wa kale, kubwa kama limau, la miaka milioni 13. Isaiah Nengo, Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, alilipeleka hadi Grenoble, Ufaransa, kwenye mashine ya miale yenye nguvu kupita eksirei ya hospitali, na bila kuvunja chochote wakaona meno ya kudumu yakiwa bado yamelala ndani ya taya. Wakahesabu mistari. Siku 485. Mwaka mmoja na miezi minne. Waliona pia mirija ya sikio la ndani, ile inayotusaidia tusianguke, na ilikuwa midogo, maana yake kiumbe huyu hakuwa wa kurukaruka kwenye matawi. Wakamwita Alesi, kutoka neno la Kiturkana "ales", babu wa zamani. Mtoto aliyekufa miaka milioni 13 iliyopita ana umri unaojulikana kwa siku.

Nilimwambia mdogo wangu habari hii. Akasema, "Basi nipeleke Ufaransa wanikate jino."

Alikuwa anatania, lakini si utani sana. Kwa walio hai jino halikatwi, na nchi kadhaa za Ulaya zinapotaka kujua umri wa kijana aliyefika peke yake bila karatasi, zinampiga picha ya kifundo cha mkono, na wengine meno au goti, kuangalia ncha zile zile za mifupa. Picha ya mkono inalinganishwa na kitabu cha Greulich na Pyle, kilichotoka Marekani mwaka 1950. Picha za kitabu hicho ni za watoto wazungu wa Cleveland, Ohio, wengi wa familia zilizojiweza, waliopigwa picha hasa miaka ya 1930. Hiyo ndiyo rula. Hata kwa watoto wanaofanana na hao, inaweza kukosea miaka miwili huku au kule. Kijana aliyekulia kwenye njaa na malaria, ncha zake zinaweza kuchelewa. Mwingine anabalehe mapema, zinawahi. Kati ya miaka 15 na 18, pale ambapo jibu linaamua mtu analala wapi na anakaa na nani, ndipo rula inatikisika zaidi. Holly Smith alichukua kazi ya kuuliza rula ni ya nani. Hapa kwetu hata rula haikuwepo, alitazamwa tu.

Mchungaji wetu hapendi habari hizi za sokwe na mababu, na nimeshamwambia kwamba hapa sitaki kubishana naye. Nilimwonyesha tu picha ya taya. Akaivalia miwani, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Huyu mtoto jino lilimuuma."

Ni kweli. Upande wa kulia wa taya la chini, pale jino la utoto lilipong'oka, mfupa umeliwa na usaha. Walker alidhani huenda sumu ya jipu hilo iliingia kwenye damu ndiyo ikamuua, ingawa hakuna anayeweza kuapa. Mifupa haina alama za meno ya fisi wala chui. Inaonekana alianguka kifudifudi kwenye maji ya kina kifupi pembeni ya bwawa, mwili ukaoza hapo, wanyama wakubwa wakapita wakikanyaga, mifupa ikasukumwa huku na huku ndani ya matope, na matope yakaifunika kabla ya jua kuimaliza. Meno mengine aliyokuwa bado hajayatoa yalikuwa tayari ndani ya taya, yanangoja.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena. Tuliona video usiku kucha, anga lote jekundu, watu wanakimbilia Gisenyi na magodoro yale yale. Asubuhi simu ikalia, mama mkubwa kutoka Kanada. Analia, anauliza nani yuko Goma, nani amepatikana. Halafu akataka kuongea na mwanawe, nikampa simu. Kwenye kadi alikuwa na miaka 22. Nilisikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye simu, anahesabu kwa sauti: "Kutoka ule moto mpaka huu ni miaka kumi na tisa na miezi minne. Hiyo ndiyo yako, umesikia? Usikubali nyingine."

Akajibu, "Nimesikia, mama."